Kuchomwa kwa Mawimbi ya Redio: Joto Hufanya Nini Ndani ya Kiungo

Shangazi yangu wa Majengo alinitumia ujumbe wa sauti usiku mmoja, na kwa jinsi alivyokuwa akihema nilijua ameingiwa na hofu. "Mwanangu, daktari wa mifupa ataka kunichoma gotini kwa mawimbi ya redio. Wewe ndiwe wa hospitali, hebu nambie. Redio na goti langu wapi na wapi?"

Nafanya kazi ya fiziotherapia hapa Mombasa, na swali hili nimeulizwa na wengi, kila mtu kwa maneno yake. Ijumaa baada ya swala nilipita kwake nikidhani mazungumzo yataisha pamoja na kahawa. Adhana ya magharibi ilinikuta palepale. Haya ninayoandika ni yale niliyomweleza, pamoja na mengine ambayo sikuyaeleza vizuri siku ile.

Hofu yake ilianzia kwenye neno lenyewe, kuchoma. Pwani yetu neno hilo lina kumbukumbu. Marehemu babu alikuwa na makovu mawili ya chuma cha moto kiunoni, aliyopigwa ujanani kutibu maumivu ya mgongo. Hadithi mashuhuri inayotaja tiba tatu, yaani asali, kuumikwa na kuchomwa kwa moto, humalizia kwa Mtume (s.a.w.) kuukataza umma wake hiyo ya tatu, na shangazi aliikumbuka kabla hata sijakaa. Wala si huku kwetu tu. Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, alieleza namna ya kuchoma kwapa kwa chuma chekundu ili bega linalochomokachomoka lishikwe na kovu. Wazo la kukaza kiungo kwa moto lina zaidi ya miaka elfu mbili. Nawaomba wasomaji waliweke akilini hilo bega la Hippocrates, kwa sababu tutalirudia.

Mashine anayoizungumzia daktari wa shangazi haina chuma chekundu. Ina sindano au fimbo nyembamba inayopitisha umeme, na umeme huo hugeuza mwelekeo wake mara nyingi mno kwa sekunde. Umeme wa nyumbani kwetu Kenya hugeuka na kurudi mara 50 kwa sekunde. Kasi hiyo ndiyo ya hatari, kwa kuwa neva na misuli huwahi kuifuata: misuli hukakamaa, mkono hushindwa kuachia waya, moyo huvurugika. Mwaka 1891 mwanasayansi Mfaransa Arsène d'Arsonval alionyesha kwamba umeme ukigeuka zaidi ya mara 10,000 kwa sekunde, misuli haishtuki tena. Ni kama mtu anayesukumwa mbele na kurudishwa nyuma upesi kiasi kwamba hapati nafasi ya kuinua mguu. Mashine za upasuaji na za kutibu maumivu hufanya kazi kwenye mizunguko kama 300,000 hadi 500,000 kwa sekunde. Redio za masafa ya kati huanzia juu kidogo tu ya hapo, karibu 531,000. Jina "mawimbi ya redio" limetokana na ujirani huo. Hakuna antena, hakuna kinachorushwa hewani kumfuata mgonjwa, wala hakuna mionzi ya namna ya eksirei. Ni umeme unaopita mahali ulipogusishwa.

Joto basi linatoka wapi? Mwili wetu ni maji ya chumvi yaliyofungwa ndani ya ngozi. Chembe za chumvi hiyo zina chaji, na umeme ukigeuka hivi na vile nazo huvutwa hivi na vile, zikisuguana na maji yaliyozizunguka. Msuguano huo ndio unaozaa joto. Hapa pana jambo ambalo hata baadhi ya wenzangu kazini hulisahau: ncha ya kifaa haichomi nyama kama pasi inavyochoma kitambaa. Nyama yenyewe ndiyo inayopata moto kwanza, kisha ikaipasha ncha. Ndiyo maana sindano nyingi za kazi hii huwa na kipimajoto kwenye ncha, na mashine hupunguza au kuongeza umeme kulingana na kinachosomwa pale.

Shangazi aliniuliza: umeme ukiingia gotini, wafika wapi? Nikamwambia awaze kivuko cha Likoni asubuhi ya Jumatatu. Watu ni walewale, lakini pale langoni wanapobanwa hutokwa na jasho na kusukumana, na wakishapita na kutawanyika kila mtu hupata hewa yake. Umeme nao hubanwa kwenye ncha ndogo ya sindano na joto likazaliwa hapo. Ukishasonga mbali kidogo hutawanyika, na kutawanyika kwenyewe ni kwa haraka sana. Kwa ncha ya mviringo, umbali ukiwa mara mbili, msongamano wa umeme hubaki robo, na joto linalozaliwa hubaki sehemu moja kati ya 16. Umeme hutokea upande wa pili kupitia kibandiko kipana kilichobandikwa pajani au mgongoni. Kwa kuwa kibandiko ni kipana, ngozi iliyo chini yake haihisi chochote. Kikibanduka nusu na kubaki kipande kidogo kilichogusa ngozi, umelitengeneza lango jingine la Likoni, na mgonjwa ataamka na jeraha la moto mahali ambapo hakuna aliyekusudia. Aina nyingine ya vifaa haina kibandiko, kwani njia za umeme, ya kuingia na ya kutoka, zote ziko kwenye ncha ileile na umeme huruka masafa mafupi tu katikati yake.

Mbinu hii si mpya hospitalini. Tarehe 1 Oktoba 1926, huko Boston, daktari wa upasuaji Harvey Cushing alitumia kifaa kilichotengenezwa na William Bovie kuondoa uvimbe kichwani bila mgonjwa kuvuja damu nyingi. Karibu kila chumba cha upasuaji duniani leo kina mjukuu wa kifaa hicho. Ila kukata na kuzuia damu ni jambo moja, na kuibadilisha tishu kisha kuiacha ndani ya mwili iendelee kuishi ni jambo jingine kabisa. Madaktari wa mifupa waliingia kwenye hilo la pili, na mambo yakatatizika.

Tukisema tishu laini tunamaanisha kila kilichoko kwenye kiungo kisicho mfupa: kano linalofunga msuli kwenye mfupa, ligamenti inayofunga mfupa kwa mfupa, kifuko kinachozunguka kiungo, gegedu linalofunika ncha za mifupa, misuli, neva. Nyingi kati ya hizi zimesukwa kwa protini iitwayo kolajeni. Kila uzi wake ni nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja kama kamba ya makumbi, na msokoto huo hushikiliwa na vifungo vidogo dhaifu. Kisha kamba na kamba hufungamana kwa vifungo vingine vilivyo imara zaidi. Joto likifika kama nyuzi 60 hadi 65 za Selsiasi, vifungo dhaifu hufunguka. Uzi uliokuwa umenyooka hupoteza umbo na kujikunyata, lakini vile vifungo imara bado vimeshikilia, basi tishu nzima inavutika, inakuwa fupi na nene.

Mvuvi anayechoma ncha ya mshipi wa nailoni ili usifumuke ameliona jambo hilihili: uzi hurudi nyuma, ukajikunja na kuwa kinundu. Anayepika pweza ameliona pia. Mkono mrefu ukitumbukizwa kwenye sufuria hujikunja na kuwa mfupi na mgumu, na ukiuacha motoni muda mrefu unaanza kulainika. Wapishi wa supu ya makongoro wanajua mwisho wa safari hiyo, kano la ng'ombe likishachemka usiku kucha huwa kama gundi mdomoni. Kufupika na kuyeyuka ni vituo viwili vya njia moja. Daktari anayetaka kufupisha lazima asimame kwenye kituo cha kwanza, akiwa ndani ya kiungo cha mtu aliye hai, akiangalia kupitia kamera nyembamba kama kalamu.

Sasa turudi kwenye bega. Bega ndicho kiungo kikubwa kinachochomoka kwa urahisi kuliko vyote. Kikombe chake ni kifupi, na kinachozuia mpira usitoke ni kifuko, ligamenti na ukingo laini unaozunguka kikombe. Kipa anayejirusha mchangani pale ufukwe wa Pirates akiangukia mkono ulionyooka anaweza kuuchana ukingo huo mara moja, na baada ya hapo bega likawa linatoka hata akivua shati. Njia ya kuaminika ni kuushona ukingo na kifuko virudi mfupani kwa nanga ndogo zilizofungwa uzi. Ni kazi inayochukua muda, na inataka mikono iliyofundishwa.

Katika miaka ya 1990 likaja wazo lililoonekana kama zawadi. Ikiwa kifuko kimelegea, na kolajeni hufupika kwa joto, kwa nini kushona? Ingiza fimbo ya mawimbi ya redio kupitia tundu dogo, pitisha juu ya kifuko, kione kikivutika mbele ya macho yako kwenye skrini, toka. Na kweli kilivutika. Daktari alikuwa akiona kwa macho kifuko kikikunjamana kama pweza. Kufikia mwisho wa muongo ule mbinu hii ilikuwa imeenea sana, hasa Marekani, kwa wachezaji wenye mabega yaliyolegea.

Kisha wagonjwa wakaanza kurudi. Mabega yalilegea tena, kwa wengine zaidi ya mwanzo. Madaktari waliowafungua kwa upasuaji wa pili walikuta vifuko vimekuwa vyembamba, dhaifu, na mahali pengine havipo. Wengine walikuwa wameunguzwa neva inayopita chini kabisa ya kifuko, ile inayouendesha msuli wa bega unaoinua mkono, na kuupa hisia upande wa nje wa mkono kwa juu. Iko milimita chache tu kutoka mahali fimbo ilipokuwa ikipita. Na kundi dogo, wengi wao vijana, walipatwa na balaa kubwa zaidi: gegedu la bega zima liliyeyuka katika miezi michache. Moto ulikuwa umeyapasha maji yanayojaza kiungo wakati wa upasuaji, na maji hayo hayachagui cha kugusa. Katika baadhi ya mabega kulikuwa pia na pampu ya dawa ya ganzi iliyoachwa ikitiririka ndani ya kiungo siku kadhaa, nayo ikaja kujulikana kuwa sumu kwa seli za gegedu. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 madaktari wengi walikuwa wameiacha mbinu hii kwa mabega.

Kosa lilikuwa wapi? Fizikia ilikuwa sahihi. Nyuzi 65 hufupisha kolajeni, hilo halina ubishi. Lakini kifuko si kipande cha mshipi. Ndani yake mna seli zinazokitunza, na seli hufa mapema sana, kwenye nyuzi 45 hadi 50 zikidumu kwa muda, yaani kabla kolajeni haijaanza hata kufupika. Kwa hiyo hakuna namna ya kukifupisha kifuko bila kuziua seli zake. Kilichobaki ni tishu iliyokufa, fupi kweli lakini isiyo na mwenye kuitunza. Mwili huanza kuibomoa na kuijenga upya, na katika wiki za mwanzo, huku mgonjwa akijiona amepona, kifuko huwa dhaifu kuliko siku ya upasuaji. Majaribio ya wanyama yalionyesha kwamba nguvu hurudi baada ya wiki 6 hadi 12, na kwamba tishu ikivutwa katika kipindi hicho hurefuka. Kijana wa miaka 20 asiyehisi maumivu ataacha kuinua mkono kwa wiki 12? Kwa uzoefu wangu wa kuwasimamia vijana baada ya upasuaji wa bega, ombi hilo ni zito. Tena joto halishoni. Ukingo uliochanika hubaki umechanika hata kifuko kikivutwa namna gani.

Nasimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu kinanisumbua. Kila mtu pale alikuwa na nia njema, na kila mtu aliona kwa macho yake kwamba mbinu inafanya kazi. Walichokiona kilikuwa cha siku ile mezani. Mwili ulikuwa na shughuli yake ya miezi iliyofuata, na hakuna kamera iliyoionyesha. Hata ligamenti ya ndani ya goti iliyolegea, ile ya mbele, ilijaribiwa hivyohivyo ikashindwa, na nyingine zilikatika baadaye.

Mawimbi ya redio hayakuondoka kwenye chumba cha upasuaji, bali yalirudi kwenye kazi yanayoiweza. Leo daktari anayeingiza kamera begani au gotini mara nyingi huwa na fimbo hiyo mkononi, akiondoa utando uliovimba na kuziba mishipa midogo ya damu. Baadhi ya fimbo hutengeneza tabaka jembamba la gesi yenye chaji ndani ya maji ya chumvi, na gesi hiyo huvunja tishu kwa joto dogo kuliko la zile za zamani. Juu ya gegedu ndipo tahadhari inapotakiwa zaidi. Gegedu lililochakaa huwa na nyuzinyuzi kama zulia kuukuu, na fimbo hulisawazisha likapendeza machoni. Lakini gegedu halina mishipa ya damu, na seli zake zikifa chini ya uso ule unaong'aa, hakuna zinazokuja kushika nafasi zao. Kuhusu makano yenye maumivu sugu, kama la kiwiko cha mama anayekuna nazi au kusukuma chapati siku nzima, kuna mbinu ya kutoboa vitundu vidogo kwa mawimbi hayo ili kuamsha uponyaji. Mimi binafsi sijaona sababu ya kuikimbilia kabla ya miezi ya mazoezi ya kulipa kano mzigo polepole.

Lipo pia joto ninalolitumia mwenyewe, ambalo watu huliita kwa jina lilelile na kuchanganya mambo. Mashine ya mawimbi mafupi iliyoko kwenye vyumba vya fiziotherapia hufanya kazi kwenye mizunguko milioni 27.12 kwa sekunde. Hiyo kweli hupeleka nguvu kupitia hewani, bila sindano, na lengo lake ni kulipasha eneo zima hadi nyuzi 40 na kitu: damu ipite vizuri, misuli ilegee, kiungo kikubali kunyooshwa. Haichomi wala haiui neva. Mombasa ina shida yake ya pekee na mashine hii, nayo ni jasho. Mwezi wa Machi mgonjwa hufika ameloa, na tone la jasho kwenye mkunjo wa ngozi huukusanya umeme na kumuunguza mahali hapo. Kwa hiyo tunafuta, tunaweka taulo kavu katikati, tunafuta tena. Mwenye chuma mwilini, mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, na mjamzito hawakai mbele ya mashine hiyo.

Baada ya yote hayo ndipo shangazi akauliza, na kwa haki kabisa: "Sasa langu mimi ni lipi katika hayo?"

Lake halikuwa la kufupisha, wala kukata, wala kupasha. Lilikuwa la kunyamazisha. Goti lina nyaya zake ndogo za neva zinazopeleka habari za maumivu kutoka kwenye kifuko, na matatu kati ya matawi hayo hupita karibu na mfupa mahali panapojulikana: mawili juu ya goti, ndani na nje, na moja chini upande wa ndani. Daktari huongoza sindano hadi pale kwa kutazama picha ya eksirei au ultrasaundi, huweka ganzi, kisha hupasha ncha hadi kama nyuzi 80 kwa dakika moja au moja na nusu. Kipande cha neva hufa, habari haipiti. Madaktari wa Korea Kusini walichapisha mwaka 2011 matokeo yaliyoipa mbinu hii umaarufu kwa magoti yaliyochakaa, na mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu aina yake ambayo sindano hupozwa kwa maji yanayozunguka ndani yake. Kupoza huko huwashangaza watu. Ncha ikipoa, nyama iliyoigusa haikauki na kuwa mkaa, na kwa kuwa mkaa huzuia umeme, umeme hupata njia ya kwenda mbali zaidi na kutengeneza eneo kubwa la joto. Hilo lafaa, maana neva hizo haziko mahali palepale kwa kila mtu.

Mbinu hiyohiyo hutumiwa kwa vijiungo vya nyuma ya uti wa mgongo, na huko ilianza kabla ya kufika gotini, katika miaka ya 1970. Kuna pia aina ya mapigo mafupifupi ambayo haipandishi joto zaidi ya nyuzi 42. Yenyewe huivuruga neva bila kuiua, na hutumika pale neva ikiwa na kazi nyingine ambayo hatutaki kuipoteza.

Tofauti na kifuko cha bega, hapa hatutegemei tishu iliyochomwa ishike uzito wowote. Neva ile haibebi mwili. Ikifa, mguu bado unasimama. Ndiyo sababu naikubali mbinu hii kwa moyo mweupe zaidi, ingawa nayo ina mipaka ambayo mgonjwa anastahili kuambiwa kabla, si baada. Gegedu lililoisha halirudi. Neva huota tena, na nafuu kwa wengi huwa ya miezi sita hadi mwaka, halafu huenda ikahitajika kurudiwa. Siku au wiki za mwanzo goti linaweza kuuma zaidi. Na goti lisilouma si goti jipya: miezi hiyo ya nafuu ndiyo nafasi ya kuimarisha paja na kupunguza uzito, na nimewaona wanaoitumia hivyo wakienda mbali kuliko wanaokaa tu.

Nilimwandikia shangazi maswali kwenye karatasi aende nayo kliniki. Amwambie daktari kuhusu vidonge vyake vya kuifanya damu iwe nyepesi, na kuhusu sukari, kwa sababu kisukari huathiri neva na uponaji wa vidonda. Aulize ni matawi gani yatakayochomwa, na kwa kuongozwa na picha gani. Aulize kama SHA, bima ya afya ya serikali, inagharimia au atalipa mfukoni, maana si kila hospitali hapa Mombasa ina mashine hiyo na mtu akipelekwa Nairobi nauli nayo ni gharama. Swali nililolipigia mstari mara mbili lilikuwa hili: je, nitapigwa kwanza sindano ya majaribio?

Sindano ya majaribio ni ganzi peke yake, tone dogo kando ya kila neva iliyolengwa, bila joto. Kwa saa chache neva hizo hulala. Mgonjwa hutumwa aende akafanye yote yanayomuuma. Maumivu yakipungua kwa nusu au zaidi, tunajua kwamba habari ya maumivu ilikuwa ikipita humo na kuichoma kuna maana. Yasipopungua, mlango si huo. Eksirei haiwezi kujibu swali hili. Eksirei huonyesha goti lililochakaa; haionyeshi maumivu yanatoka wapi, na wapo wazee wenye magoti mabaya kwenye picha wanaopanda ngazi za Mji wa Kale bila kuguna.

Daktari wake alikubali, tena alifurahi kuulizwa. Shangazi alipigwa sindano asubuhi. Adhuhuri aliswali, akakaa tahiyatu, akasujudu, akapanda ngazi za kwa binti yake ghorofa ya pili, akashuka, akapanda tena. Saa kumi alinipigia.

"Mwanangu, hapana lililobadilika. Yauma vilevile."

Nilihuzunika kwa muda mfupi, kisha nikaona aibu, kwa sababu nilijua swali ambalo mimi mwenyewe, mtu wa viungo, nilikuwa sijamuuliza. Wiki iliyofuata daktari alimlaza chali, akaukunja mguu wake na kuuzungusha kutoka kwenye nyonga. Shangazi alipiga kelele. Nyonga na goti hushiriki neva, na nyonga iliyochakaa inaweza kuuma gotini bila kuuma penyewe hata kidogo. Picha mpya ilionyesha nafasi ya nyonga ya kulia imekaribia kuisha. Goti lake limechakaa pia, lakini silo lililokuwa likimwamsha usiku.

Mashine haikuwashwa. Sasa huja kwangu Jumanne na Alhamisi kwa mazoezi ya nyonga, hushika mkongojo kwa mkono wa kushoto kama nilivyomfundisha, na ana miadi ya mwezi ujao kuzungumzia upasuaji wa kubadilisha kiungo. Karatasi ya maswali bado anayo mkobani, ameandika mapya nyuma yake.